Waliokuja Kupima Karakana

14 Januari

Mpwa wangu Kasuku,

Pokea salamu zangu na za mkaza mjomba wako. Sisi wazima, tunamshukuru Mungu aliyetuamsha. Goti langu la kushoto bado linatabiri mvua kuliko redio. Mkaza mjomba wako anauliza kama mama yako angali anaficha sukari chini ya mto. Mwambie nimesema mimi, kaka yake, kwamba ugonjwa hauhadaiki. Na wewe, binti yangu, unakula? Ulipokuja mara ya mwisho ulikuwa umekonda kama nondo ya dari.

Najua utasema, mjomba, si unipigie simu. Simu nasikia nusu, nusu nyingine inaliwa na kelele za mashine, halafu napayuka mpaka mtaa mzima ujue mambo yangu. Barua inakaa kimya, na ukitaka unairudia.

Sasa neno lililonishikisha kalamu. Nimeomba mkopo kwenye benki yenu, tawi la hapa kwetu. Shule mpya imenipa kazi ya milango na madirisha yote, kazi ya kunivusha mwaka, lakini bati nalikunja kwa nyundo juu ya gogo, na kwa mwendo huo watoto watamaliza masomo kabla madirisha hayajafika. Nataka mashine ya kukunjia bati. Dhamana ninayo: kiwanja hiki cha karakana alichoniachia babu yako, na hati yake iko sandukuni. Nikadhani mwenye hati amemaliza. Kumbe ndiyo kwanza anafunga viatu. Tawini wakaniambia nilete barua ya ofisi ya ardhi kuthibitisha kwamba hati ni yangu. Nikauliza, kwani hati yenyewe haisemi? Yule dada akanitazama kwa huruma. "Mzee, inasema. Ila hatuiamini mpaka walioitoa waseme tena."

Nikaenda ofisi ya ardhi. Faili halionekani. Nikarudi wiki nyingine, bado halionekani. Niliporudi tena karani akainama juu ya kaunta akaninong'oneza, "Fundi, mkono mtupu haulambwi." Nikamwambia wangu si mtupu, una sugu, akitaka kuulamba karibu. Foleni nzima ilicheka. Yeye hakucheka.

Sitampa, mpwa wangu, wala si kwa ubahili. Kila alfajiri naomba riziki safi. Siwezi kuiomba safi alfajiri nikaichafua saa nne. Sasa wewe uliyeyasomea hayo nieleze kwa lugha ya karakana: benki inaogopa nini kwangu? Na riba waliyonitajia, mbona kali namna ile, wakati Bwana Saruji, yule mwenye maduka ya saruji, anatembea mjini akijisifu kwamba anakopeshwa kwa bei ya ndugu?

Mjomba wako,
Fundi Cheche

2 Februari

Shikamoo mjomba,

Barua yako niliisoma kwa sauti, mama akacheka hadi akajisahau akatoa mfuko wa sukari mwenyewe kunionyesha kwamba haufichi. Anaendelea vizuri. Dawa tunazipata kwa bima ya kazini kwangu, bila hiyo sijui. Mimi nakula, mjomba, usiniite nondo mbele ya watu.

Umeniuliza benki inaogopa nini. Wewe haikuogopi. Inaogopa siku utakapokwama. Siku hiyo itabidi iende mahakamani kudai, na mahakamani kesi ya kiwanja inazeeka kama mtu, inaota mvi. Na ikishinda, itaenda ofisi ya ardhi kubadilisha jina, na pale itakutana na karani wako yuleyule. Kwa hiyo mkopeshaji anapiga hesabu za miaka ya kusubiri, za wakili, za faili kupotea, anaziweka zote juu ya riba yako kabla hujakopa hata shilingi. Na kwa sababu hata hivyo hana hakika, pesa nyingi anaikopesha serikali, analala usingizi. Inayobaki anampa mtu anayefahamiana naye, maana kwa huyo hategemei sheria, anategemea simu. Fundi kama wewe, mwaminifu kuliko wote, ndiye unayebaki nje. Penye mahakama ya haraka na faili moja kwa kiwanja kimoja, ungekopa kwa nusu ya hiyo riba, na ungekopeshwa kwa sura ya kazi yako. Nimeyaona kwenye vitabu na nimeyaona kwenye meza yangu.

Sasa nikuambie neno la nyumbani, usikasirike. Mpe yule karani anachotaka. Ni kidogo kuliko hasara ya kusubiri. Watu wote hufanya hivyo, hata wanaokaa safu ya mbele kwenye ibada. Faili litaonekana kesho yake.

Mpwa wako

27 Februari

Kasuku wangu,

Marahaba. Tunaendelea vizuri. Mkaza mjomba wako amechaguliwa kutunza fedha ya kikundi chao cha akina mama, sasa nyumbani hatuna raha, hata nauli ya sokoni anataka risiti.

Nimekusikia, nami nakukatalia kwa upendo. Kumbe ile riba ni faini. Karani wa ardhi anakosa, karani wa mahakama anakosa, ninayetozwa ni mimi niliyekaa hapa nachomelea geti. Haya, hiyo nimeielewa. Lakini ukiniambia nimpe, unaniambia nilipe faini yao, kisha niwapelekee na zawadi ya pole. Hao wa safu ya mbele wana Mungu wao wa kumjibu. Mimi najua nitakaposimama nitaulizwa yangu.

Na Mungu amekwisha kunijibu, ndiyo furaha iliyonifanya niandike. Jumanne iliyopita watu wa benki yenu walikuja kupima karakana. Nilikuwa nimevaa miwani nachomelea, nasikia hodi, navua miwani, namwona kijana nadhifu, mkanda wa kupimia mkononi, beji ya benki yenu shingoni. Akasema, "Tumetoka benki, tunapima kiwanja." Nikasema karibu, mgeni njoo mwenyeji apone. Nilimfutia kiti. Nilimshikia ncha ya mkanda mwenyewe, upande wa ukuta wa nyuma ambako kuna miiba, asije akachanika suruali. Nikamwonyesha hadi mpaka wa mfereji aliotaka kuusahau, kiwanja kisije kikaonekana kidogo.

Akaniuliza, "Wewe ndiye fundi wa hapa?" Nikasema ndiye. "Uko hapa siku nyingi?" Nikasema tangu sina ndevu. "Una mpango wa kuhama?" Nikaona hapo ananipima utulivu, nikamjibu labda siku nitakayobebwa. Akaandika. Kisha akapiga picha ya geti, na mimi nimesimama pembeni nimejinyoosha kama bwana harusi. Akaniomba nisogee kidogo nitoke kwenye picha. Nikasogea, ingawa nafikiri bega lilibaki.

Kwa hiyo faili limepatikana bila mtu kulamba mkono wa mtu. Nimeshawaambia watu wa shule kazi itakwenda kasi. Usiposema Mungu mkubwa, nitakusemea.

Fundi Cheche

19 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu. Sijapata jibu lako. Nimejisemea labda barua imepotea, nikajisemea labda kazi nyingi, mkaza mjomba wako akajisemea labda umepata mchumba. Tukakubaliana na la mchumba kwa kuwa ndilo zuri.

Kuna jambo sielewi. Nimekwenda tawini kuuliza mkopo wangu umefika wapi. Yule dada akafungua kompyuta, akaniambia ombi langu bado linasubiri barua ya ofisi ya ardhi. Nikamwambia, mbona mmeshakuja kupima? Akasema, "Hatujatuma mtu, mzee. Hatupimi kabla ya barua." Nikamweleza beji, nikamweleza mkanda. Akaanza kutazama mlango wa meneja, akaniomba nimpishe anayefuata.

Wewe ulikuwa ukipewa swali unajibu na la jirani. Ndiyo maana babu yako alikuita Kasuku. Kasuku akinyamaza, mwenye nyumba huangalia kama paka hayupo.

Mjomba wako

11 Mei

Shikamoo mjomba,

Mama hajambo. Sina mchumba.

Mjomba, kaa kwanza ndipo uendelee.

Karakana yako ilipimwa, lakini hawakukupimia wewe. Bwana Saruji ana hati ya kiwanja hichohicho, namba ileile, mipaka ileile, imetolewa na ofisi ileile ya ardhi mwaka jana kwa jina lake. Ndiyo maana faili lako halionekani. Ameiweka dhamana hapa makao makuu na amepewa mkopo mkubwa. Faili lake lilipita mezani kwangu. Nilifungua ukurasa wa picha nikaona geti lako, na ukingoni bega lenye shati la bluu lililounguzwa na cheche. Nililijua kabla sijasoma namba.

Kijana aliyekuja alidhani wewe ni mpangaji wa Saruji. Alikuuliza kuhama kwa sababu mpangaji ni kero siku ya kuuza.

Mambo ya mkopo wa mtu hayatakiwi kutoka nje ya benki. Ndiyo maana nilichelewa kuandika. Sina zaidi ya kusema juu ya kuchelewa huko.

Tafuta wakili. Fungua kesi upesi, kiwanja kiwekewe zuio. Usinitaje. Barua hii ichome.

Mpwa wako

30 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, na pole. Barua yako niliisoma nimesimama, sikukaa kama ulivyosema, nikakaa baadaye bila kupanga. Nilimshikia mkanda, Kasuku. Nimemwonyesha mtu mpaka wa mfereji ili aniuze vizuri. Mkaza mjomba wako alicheka, akalia, halafu akasema, "Na ulimfutia kiti." Kwa siku kadhaa kila nikikaa kwenye kile kiti ananikumbusha.

Barua sijaichoma. Nachoma vyuma tu. Lakini jina lako halitatoka mdomoni mwangu, hilo nimeapa.

Nilikwenda ofisi ya ardhi. Safari hii nilikuta foleni fupi, nikasema kwa sauti ya karakana: naomba faili la kiwanja cha Bwana Saruji. Lilionekana kabla sijamaliza kukohoa. Karani alipotambua nani anayeuliza alilivuta, lakini nilikuwa nimeliona, na waliokuwa nyuma yangu waliliona. Nikamwambia, "Mwanangu, umeuza kiwanja cha baba yangu kwa bei ya chai. Ungeniuliza mimi ningekunywesha bure." Mlinzi akanishika mkono kunitoa. Yule ni mteja wangu, geti lake nililichomelea mimi, basi akanishika taratibu, na nje akaniomba radhi.

Kesi nimefungua. Wakili ni mama mmoja mtu mzima, anazungumza polepole kana kwamba maneno yake ni ya mkopo. Tumemshtaki Saruji, ofisi ya ardhi, na benki yenu. Kuna watu wamekuja kunishauri: mwenye nguvu mpishe. Nikawauliza, nikimpisha nikasimame wapi? Barabarani? Shule nimewaeleza ukweli. Wameniachia kazi mpaka muhula ujao, nami nakunja bati kwa nyundo. Nitakunja.

Fundi Cheche

8 Septemba

Kasuku,

Salamu kwako na kwa mama yako. Nimesikia alilazwa siku mbili. Namwombea kila alfajiri, na nakuombea wewe mara mbili maana wewe ndiye unayekimbia huku na huko.

Habari za huku ni hivi. Bwana Saruji ameacha kulipa mkopo wake. Maduka yamefungwa, watu wanasema kahamia kwa mke wa pili, wengine wanasema nje ya nchi, mimi sijui na wala si kazi yangu. Wiki iliyopita dalali wa mnada alikuja na gundi na karatasi, akabandika getini: karakana itauzwa. Alibandika juu ya rangi mbichi, ikang'oka yenyewe kabla hajafika kona. Akarudi akabandika tena. Nikamwachia.

Wakili alikimbilia mahakamani akapata zuio, mnada umesimama mpaka kesi iishe. Na hapa, mpwa wangu, ndipo nilipocheka kwa mara ya kwanza tangu Mei. Kesi ilikuwa Jumatatu. Hakimu hakuja. Ikapangwa Alhamisi. Faili halikuja. Nimekaa kwenye benchi la korido, na pembeni yangu kakaa wakili wa benki yenu, suti yake nzuri, jasho linamtiririka, anauliza karani wa mahakama, "Lakini litaonekana lini?" Karani akamwambia, njoo kesho. Nikamgusa bega. Nikamwambia, "Ndugu, karibu. Hapa ndipo tunapokaa sisi." Nilimpa nusu ya maji yangu, akanywa.

Lililobaki si la kucheka. Benki imeapa mahakamani kwamba ilikopesha kwa nia njema. Kijana wa mkanda ameandika katika taarifa yake kwamba alikuta kiwanja kitupu, hakina mtu, na mwenye hati ndiye aliyemwonyesha mipaka. Picha iliyoletwa mahakamani ni ya ukuta wa nyuma tu. Wakili wangu anasema hakimu akiamini kwamba benki haikujua, nitashinda dhidi ya Saruji na bado karakana iuzwe. Tukipata mtu wa ndani aliyeiona ile picha ya geti, nia njema yao inakufa palepale. Akaniuliza kama namjua mtu wa namna hiyo. Nikamwambia mimi ni fundi wa mageti, nitamjulia wapi mtu wa benki.

Sikuombi kitu. Nakupa habari tu.

Mjomba wako

3 Oktoba

Shikamoo mjomba,

Mama ametoka, lakini daktari ameongeza dawa. Kodi ya nyumba imepanda.

Nimeelewa habari uliyonipa. Mjomba, siwezi. Ukiona mwandiko wangu umepinda, ni kalamu.

Mpwa wako

16 Novemba

Mpwa wangu mpenzi,

Marahaba yangu ije na moyo mweupe. Nimekaa na barua yako fupi mpaka nikaizoea. Wewe unabeba mama yako, ambaye ni dada yangu. Ukimwangusha yeye ili uninyanyue mimi, tutakuwa tumefanya nini? Sina kinyongo. Nakuandikia hili mapema ili usinisome kwa hofu.

Sasa sikia vituko. Jumamosi, watu wawili walikuja na gari la benki. Mmoja ni meneja wa tawi, mwingine ametoka kwenu makao makuu, mtu wa tai nyekundu, anaongea na huku anaangalia saa. Mkaza mjomba wako akawaletea viti, lakini kile kiti nilichomfutia yule kijana alikivuta akakikalia yeye mwenyewe.

Mtu wa tai akasema, "Fundi, wewe uliomba mkopo." Nikasema niliomba. "Tumeupitisha. Wote, na mashine itafika mwezi huu. Riba nafuu." Nikamuuliza, barua ya ofisi ya ardhi imepatikana? Akatabasamu, akasema hayo ni mambo madogo. Mpwa wangu, mwaka mzima yalikuwa mlima, leo ni madogo.

Kisha akatoa karatasi ya pili, yenye masharti. Nifute kesi dhidi ya benki. Nikubali kwamba nusu ya nyuma ya kiwanja, mpaka ule wa mfereji, ni ya Saruji, wauze wapate chao. Mimi nibaki na nusu ya mbele, na mashine yangu.

Nitakuwa mkweli kwako. Niliitamani ile mashine. Mkono wangu wa kulia unauma usiku kwa nyundo. Nikamtazama mkaza mjomba wako, naye hakunisaidia hata kwa kope.

Nikamuuliza yule bwana, "Ukinikopesha, dhamana yangu itakuwa nini?" Akasema nusu ya mbele. Nikamuuliza, "Na kesho mwingine akija na hati ya nusu ya mbele, utanifuata na mkanda?" Akasema, "Fundi, huo ni ubishi." Nikamwambia, "Ndiyo. Ni ubishi." Nikasimama, nikamrudishia karatasi zote mbili, ile niliyoitaka na ile nisiyoitaka, kwa sababu zilikuwa zimebanwa pini moja. Wakati anaingia garini alimwambia meneja, akidhani kelele za mtaa zinamficha, "Atachoka tu."

Ushahidi wa mwisho utasikilizwa tarehe 10 Desemba, kisha ndiyo hukumu. Nikishindwa nitahamishia gogo langu kando ya barabara na nitakunja bati huko, na kila atakayeuliza kwa nini nitamweleza, hata kama anataka ufunguo tu. Wewe kaa na kazi yako. Usije. Hilo ni agizo la mjomba.

Fundi Cheche

29 Novemba

Shikamoo mjomba,

Agizo nimelipokea na sitalitii.

Huyo mwenye tai nyekundu ni bosi wangu. Sikukueleza yote Mei. Nilipoiona ile picha, fedha za Saruji zilikuwa hazijatoka bado. Nilibeba faili nikaingia ofisini kwake, nikamwambia kiwanja hiki kina mwenyewe, huyu ni mjomba wangu, hili ni bega lake. Hakupandisha sauti. Aliniambia, "Mjomba wako ataenda mahakamani, na mahakama zetu unazijua. Atachoka." Akachomoa picha kwenye faili akaiweka mezani kwake, akatia sahihi mbele yangu. Nikarudi kwenye kiti changu. Uliposema nawe umemsikia akisema neno lilelile mbele ya geti lako, nilizunguka chumbani mpaka mama akauliza natafuta nini.

Nilikufundisha kwamba benki inaogopa mahakama mbovu. Nilikuambia nusu. Wapo wanaoiogopa, na wapo wanaoitegemea. Wanakopesha juu ya uchovu wako, wameuweka dhamana.

Nilimsomea mama barua yako yote. Nilitaka anikataze. Alisema, "Dawa nilikunywa kabla ya bima, nikanywa kwa kushona mashuka. Usinifanye mimi kuwa sababu yako." Kisha akageukia ukutani, sikujua amelala au la.

Jana niliingia kwa bosi nikamwambia kwamba tarehe 10 sitakuwepo kazini, na nikamwambia nitakuwa wapi. Akaniuliza, "Umefikiria benki?" Nikamjibu, "Nimeifikiria, bosi. Na wenye akiba zao humu pia." Akaniambia niache kitambulisho mlangoni. Nimekiacha.

Mwambie wakili wako aniandalie kiti. Nitasema tarehe, nitasema picha, nitasema neno lake kama alivyolisema.

Mpwa wako,
Kasuku

22 Januari

Kasuku wangu,

Salamu nyingi, na mwambie dada yangu goti linamsalimu.

Tangu uliposimama pale mbele ya hakimu sijapata nafasi ya kukuandikia sawasawa. Wakili wao alipokuuliza kama unajua kwamba unavunja siri za ofisi, nawe ukamjibu kwamba hujawahi kuona siri yenye geti na bega, hakimu aliinamisha kichwa kuandika, lakini mimi nilimwona akiuma mdomo asicheke.

Hukumu imetoka juzi. Hati ya Saruji ni batili. Benki ilijua, kwa hiyo haiuzi kitu, na itamdai Saruji kokote aliko. Mkanda, tai, karani, wote wameandikwa kwa vyeo vyao, imesomwa kwa sauti. Nilipiga magoti palepale kwenye korido, mlinzi akadhani nimezirai.

Usifikiri mambo yamenyooka. Ofisi ya ardhi wanatakiwa kufuta hati ile, na wameniambia, fundi, faili halionekani. Basi kila Jumatatu nafunga karakana nakwenda kusimama kwenye kaunta na hukumu yangu, naisoma kwa sauti mwanzo mpaka mwisho. Jumatatu iliyopita foleni ilinisaidia mahali nilipokosea.

Na hapo ndipo penye neno. Mama mwenye kiwanda cha sabuni alinifuata nje. Kiwanja chake pia kina hati mbili. Kisha mwenye gereji. Kisha mzee wa bohari na wanawe. Wote benki imewakatalia mkopo kwa sababu ambayo hawakuielewa, na wote wanaogopa kuuliza. Wanamtaka yule binti aliyesema mahakamani, awasomee karatasi zao na awaambie nani wa kumshtaki. Nikawaambia ana kazi yake. Nikajing'ata ulimi, maana kazi yenyewe ndiyo hiyo waliyokunyang'anya.

Sasa nimebomoa kipande cha ukuta wa mbele wa karakana, upande wa barabara, nikajenga chumba. Kina meza, rafu na dirisha kubwa la kusemea na watu. Fremu nimeikunja kwa nyundo, imepinda kidogo juu, utaizoea. Nondo sikuweka. Kuna vyumba viwili nyuma, vyako wewe na mama yako, mbali na kelele kiasi cha kibinadamu. Malipo panga mwenyewe na watu. Wameshaanza kuweka foleni asubuhi, nami sina la kuwaambia isipokuwa uko njiani.

Mkaza mjomba wako anasema ukija uje na risiti ya nauli.

Mjomba wako,
Fundi Cheche